Damu haifiki vizuri kwenye kizazi changu, na kuna jambo sijamwambia daktari

Shikamoo Anti,

Pole na kazi ya kusoma matatizo yetu. Naomba usitaje jina langu wala shule ninayofundisha. Nina miaka 37, ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, nimeolewa mwaka wa tisa huu na hatujajaliwa mtoto. Mume wangu ni mtu mpole, hajawahi kunisimanga. Tuliuza kiwanja chetu cha Kihonda ili tupate pesa za kupandikiza mimba Dar es Salaam, maana bima zetu hazikugusa hata senti ya matibabu haya.

Mwaka jana nilichomwa sindano za kukuza mayai, yakavunwa, yakarutubishwa maabara. Kiinitete cha kwanza niliwekewa siku chache baadaye, hakikushika. Vilivyobaki viligandishwa. Sasa hivi naandaliwa ili niwekewe kimojawapo kati ya hivyo. Nameza vidonge vya estrojeni vya miligramu 2, asubuhi, mchana na usiku. Kila nikipanda treni ya SGR kwenda kupimwa narudi na jibu lilelile: ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ni milimita 6 na kidogo, na wao wanataka ufike angalau 7.

Mara ya mwisho daktari aliwasha Dopla kwenye altrasaundi. Kioo kikajaa rangi nyekundu na bluu, nikasikia damu yangu mwenyewe ikipita, shwaa, shwaa. Akasimamisha picha, akanionyesha vilima vilivyochongoka, akasema upinzani kwenye mishipa ni mkubwa, PI yangu, yaani namba ya upinzani huo, ni 3.2. "Damu haifiki vizuri," akasema. Hapo Anti nililegea. Akaniandikia sildenafili ya kuweka ukeni, akanieleza kuwa ndiyo ile ile wanayotumia wanaume, ila kwangu ni ya kufungua mishipa.

Nikainunua. Siku mbili baadaye mume wangu alikuwa anatafuta chenji ya bodaboda kwenye mkoba wangu akaikuta. Alisoma boksi mbele, akaligeuza akasoma nyuma, akaniuliza polepole, "Hii ya nani?" Nilimweleza yote aliyosema daktari, maana siku ile hakuweza kunisindikiza. Akaitikia "sawa". Lakini tangu hapo amekuwa mkimya, na usiku analala amegeukia ukutani. Sijui anadhani nina mwanaume mwingine, au anadhani nilitaka kumwekea yeye kwenye chai.

Upande mwingine yuko mama mkwe, yuko Lushoto. Yeye habari za kupandikiza hazijui. Anachojua ni kwamba "damu yangu ni kidogo", mume wangu alimwambia hivyo ili amtulize. Sasa kila basi linaloshuka linakuja na rozela na bitiruti, na anataka nikienda likizo nikandwe tumbo na nifukizwe. Wenzangu kwenye kundi la WhatsApp la wanaotafuta watoto nao wananiambia nimeze junia aspirini ya kulainisha damu. Nimeanza kuimeza, daktari hajui.

Na sasa lile lililonifanya nikuandikie. Nikiwa chuo, kabla sijamfahamu mume wangu, nilipata mimba. Iliharibika yenyewe ikiwa kama ya miezi mitatu, nikasafishwa kwenye zahanati moja. Nilipata homa kali, nikapona. Lakini tangu siku ile hedhi yangu imekuwa nyepesi, siku mbili imekwisha. Anayejua ni dada yangu tu. Siku ya kwanza tulipofika kliniki daktari aliniuliza, mume wangu akiwa amekaa kiti cha pembeni yangu: umewahi kushika mimba? Umewahi kusafishwa? Nikajibu hapana, hapana. Ndivyo faili lilivyoandikwa mpaka leo.

Anti, nifanye nini? Niwekewe kiinitete mwezi huuhuu hata kama ukuta ni mwembamba? Nitumie hiyo dawa? Nihame kliniki? Na lile jambo, nikilisema si ndoa yangu itakwisha? Usiku nawaza kwamba kule kusafishwa ndiko kulikoziba mishipa yangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemnyima mume wangu mtoto miaka yote hii.

Mwalimu, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na nataka nianze na sentensi yako ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyonichoma. Hujamnyima mtu mtoto. Mimba iliyoharibika ikabaki tumboni inaweza kuleta kutokwa damu nyingi na maambukizi, na wanawake wengi wamepoteza maisha kwa hilo. Kusafishwa kulikuwa tiba. Kama kulifanyika vibaya, aliyefanya vibaya si wewe uliyekuwa umelala kitandani na homa. Wala hatujui bado kama kulikuachia kovu lolote. Wanawake wengi husafishwa na kizazi kikabaki salama kabisa.

Nikikuelewa vizuri, una mambo mawili yaliyosokotana. La kwanza ni la mwili: homoni unameza, utando hauoti, na kipimo kinasema damu inapita kwa shida. La pili ni neno ambalo hukulisema mbele ya mume wako. Wewe unayaona kama jambo moja, kwamba ukigusa la mwili basi la ndoa linaanguka. Mimi naona yanaweza kushughulikiwa kila moja kwa wakati wake, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na damu, maana naona neno hilo limekuogopesha kuliko lilivyostahili. Mfuko wa uzazi unalishwa na mishipa mikubwa miwili, mmoja kulia na mwingine kushoto. Hujigawa na kugawanyika mpaka kuwa vimishipa vyembamba vilivyojisokota, vinavyopanda hadi kwenye ule utando unaotoka na hedhi na kuota upya kila mwezi. Estrojeni ikiongezeka mwilini, kuta za ndani za mishipa hiyo hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, misuli ya mshipa inalegea, mshipa unatanuka. Wakati huohuo estrojeni inauamrisha utando uote na unenepe. Projesteroni huja baadaye. Yenyewe husimamisha kule kunenepa, huugeuza utando uwe tayari kupokea mimba, na hutuliza mikazo ya mfuko wa uzazi. Kwa mwanamke anayepevusha yai mwenyewe, upinzani kwenye mishipa huwa mdogo kabisa katikati ya ile nusu ya pili ya mwezi, yaani zile siku ambazo kiinitete hujishikiza.

Sasa angalia wewe ulipimwa lini. Ulipimwa ukiwa bado unameza estrojeni peke yake, projesteroni haijaanza. Ile PI ya 3.2 ni picha ya siku hiyo, saa hiyo. Na PI haipimi kiasi cha damu kinachoingia kwenye utando. Inalinganisha mwendo wa damu moyo unapopiga na moyo unapopumzika, ndani ya mshipa mkubwa ulio nje ya ukuta. Kulia na kushoto huweza kutofautiana. Mpimaji akibadilika, au siku ya mzunguko ikibadilika, namba nayo hubadilika.

Hofu ya namba 3 ina historia yake. Mwaka 1988 madaktari wa Uingereza, mmoja wao Patrick Steptoe, yule ambaye pamoja na Robert Edwards na Jean Purdy walifanikisha kuzaliwa kwa Louise Brown mwaka 1978, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hii ya kurutubisha yai maabara, waliandika kwamba damu kupita kwa shida kwenye mfuko wa uzazi huenda ni chanzo kimojawapo cha kukosa mimba. Mwaka 1992 utafiti mwingine wa hukohuko Uingereza haukupata mimba hata moja kwa wanawake waliokuwa na PI ya 3 na kuendelea siku ya kuwekewa viinitete. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini namba ile ikaenea duniani. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana nayo kila mara, na wako wanawake wenye PI ya juu ya 3 walioshika mimba. Kwa hiyo daktari wako hakukosea kuitazama. Ninachokuomba ni usiibebe kama hukumu.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Wiki za mwanzo za mimba, kiinitete hakitaki damu ifurike. Chembe za kondo la nyuma linaloanza kujengeka huingia kwenye vile vimishipa vilivyojisokota na kuviziba kwa muda, mtoto akae mahali penye oksijeni kidogo, mpaka mwishoni mwa mwezi wa tatu ndipo damu ya mama inapoachiwa vizuri. Ukilijua hilo, lile wazo la kwamba damu ikiwa nyingi zaidi basi bahati nayo inakuwa kubwa zaidi linapungua nguvu. Na kiinitete kile cha kwanza kutoshika hakuthibitishi chochote kuhusu mishipa yako. Mara nyingi sababu huwa ndani ya kiinitete chenyewe, kwenye kromosomu zake, hasa mama akiwa amevuka miaka 35.

Swali ninalodhani ni kubwa kuliko PI ni hili: kwa nini utando wako hauitikii estrojeni? Fikiria mifereji ya Lushoto kwa mama mkwe wako. Ukifungua maji zaidi, shamba lenye udongo litastawi, lakini sehemu iliyo mwamba haitaota kitu hata ukiimwagilia usiku kucha. Utando wa kizazi huota kutoka kwenye tabaka la chini kabisa, na tabaka hilo likikwanguliwa sana au likipata maambukizi, panaweza kubaki kovu, pengine kuta za mbele na nyuma zikashikana. Kovu halina mishipa ya kutosha na halisikii homoni. Dalili yake mojawapo ndiyo ile uliyoiandika mwenyewe: hedhi iliyokuwa ya kawaida, ikawa nyepesi baada ya kusafishwa.

Sisemi unalo kovu. Utando unaweza kugoma kwa sababu nyingine pia. Kifua kikuu cha kizazi, ambacho huku kwetu hakipaswi kusahauliwa, huharibu utando kimyakimya bila hata kikohozi. Uvimbe wa faibroidi ukichomoza ndani ya mfuko wa uzazi hubadilisha jinsi damu inavyopita. Kwa wengine ni dozi tu, au njia ya kuingiza dawa: kidonge kinachomezwa hupitia kwanza kwenye ini, wakati ile ya kubandika kwenye ngozi au ya ukeni huenda njia nyingine. Na wako wanawake ambao utando wao ni mwembamba kwa maumbile, wakazaa na milimita 6 hiyohiyo. Lakini daktari wako anachagua kati ya sababu hizi akitumia faili linalosema hujawahi kusafishwa. Amenyimwa kile ambacho kingemfanya apeleke kamera ndogo ndani ya mfuko wa uzazi aangalie kwa macho, kabla ya kuongeza dawa ya kusukuma damu.

Hapa ndipo mambo yako mawili yanapoweza kutenganishwa. Unayo haki ya kumwona daktari peke yako. Unaweza kumpigia nesi wa kliniki ukamwambia tu, "Nina jambo la historia yangu ambalo nataka kumweleza daktari tukiwa wawili." Hawalishangai hilo, wanalisikia mara nyingi, na siri ya mgonjwa ni wajibu wa kazi yao. Uliza kwanza jambo moja kabla hujafungua mdomo: je, faili lenu ni la pamoja, na mume wako akiliomba anaonyeshwa lote? Kliniki nyingi za uzazi huwahesabu mke na mume kama wateja wa faili moja. Ukishajua jibu, mwombe daktari akubaliane nawe wapi aandike na nini kisisomwe kwa sauti mkiwa watatu.

Kukaa kimya nako kuna hatari zake. Kamera ikiingia na kukuta kovu, daktari asiyejua atatoka na kueleza alichokiona mbele yenu wote, tena kwa nia njema kabisa. Na hata ukijaliwa mimba bila kusema neno, mwanamke mwenye makovu ya namna hiyo ana hatari kubwa zaidi ya kondo la nyuma kung'ang'ania siku ya kujifungua, jambo ambalo wakunga na madaktari wanatakiwa wajiandae nalo mapema, damu ikiwa tayari. Hilo ni la uhai wako.

Kuhusu sildenafili, acha nikupe maneno ambayo huenda yatakufaa na nyumbani. Dawa hii haikuanzia chumbani. Ilitafitiwa kwanza kwa ajili ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, ndipo mwaka 1998 ikaidhinishwa Marekani kwa wanaume, na baadaye ikapata kazi nyingine ya kutibu presha ya mishipa ya mapafu. Kinachofanyika mahali pote ni kilekile: inaurefusha ujumbe wa ile naitriki oksaidi ili mshipa ukae wazi muda mrefu zaidi. Kwa kizazi, ripoti ya kwanza ya mwaka 2000 ilihusu wanawake wanne tu. Zimekuja tafiti nyingine, baadhi zikionyesha utando ukinenepa, lakini kama inaongeza watoto wanaozaliwa, bado haijakaa sawa. Ukiitumia, jua kwamba unajaribu, na mwombe daktari akueleze ataisimamisha lini. Wengi huisimamisha kabla ya kuweka kiinitete. Mwaka 2018 utafiti wa Uholanzi uliowapa dawa hii wajawazito ambao watoto wao hawakui vizuri tumboni ulisimamishwa baada ya watoto kadhaa kufariki kwa matatizo ya mapafu. Wale walikuwa na mimba kubwa na hali yao si yako, ila inatufundisha tusiiendeleze kiholela. Inaweza kukuumiza kichwa na kushusha presha, na haichanganywi kamwe na dawa za moyo za jamii ya naitreti. Tena inunue duka linaloaminika, lenye mfamasia, maana dawa za nguvu za kiume ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana duniani.

Junia aspirini, mwanangu, naomba hilo umwambie daktari simu ya kwanza utakayopiga. Tafiti zilizokusanywa pamoja hazijaonyesha kwamba kuwapa wanawake wote wanaopandikiza mimba kunaongeza watoto, na aspirini huongeza kutokwa damu, jambo ambalo mtu anayeweza kuingizwa vifaa kizazini lazima alitaje. Wako wanaopewa kwa sababu maalumu, na huenda wenzako wa kwenye kundi ni miongoni mwao. Na kwa kuwa unatumia estrojeni, ambayo huongeza hatari ya damu kuganda, kama una sikoseli, au umewahi kuvimba mguu kwa damu kuganda, au mtu wa damu yako amewahi, hilo nalo liandikwe.

Unauliza kama uwekewe mwezi huuhuu. Ukiendelea, huenda ukabahatika, watu wamezaa na ukuta kama wako, na utaepuka gharama za kuanza upya. Unachohatarisha ni kiinitete ambacho mmekilipia kwa kiwanja. Ukisubiri, unachohatarisha ni uvumilivu wako na ada ya kuvitunza viinitete, lakini vyenyewe havizeeki. Vimekaa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na vitakuwa na umri uleule wa siku vilipogandishwa. Saa unayoisikia ikigonga ingegonga kwa sauti zaidi kama ungekuwa bado unatafuta mayai.

Lipo pia jambo la kumuuliza ambalo sikuliona kwenye barua yako: je, kiinitete kinaweza kuwekwa kwenye mzunguko wako wa asili, badala ya huu wa vidonge? Kama unapevusha yai mwenyewe, kile kifuko kidogo cha njano kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka hutoa projesteroni, na hutoa pia vitu vingine vinavyosaidia mishipa ya mama kulainika katika ujauzito. Kwenye mzunguko wa vidonge tupu kifuko hicho hakipo, na tafiti zimehusisha kukosekana kwake na presha ya mimba, ile inayoweza kuleta kifafa cha mimba, kuwa nyingi zaidi. Ubaya wa mzunguko wa asili ni kwamba siku haiwezi kupangwa, utapimwa mara nyingi zaidi, na wewe uko Morogoro, una vipindi vya kufundisha. Na kama kuna kovu ndani ya kizazi, mzunguko wa asili haulifuti.

Kuhama kliniki sikukatazi. Maoni ya daktari wa pili ni kitu kizuri. Ila ukihamia kwingine na historia ileile pungufu, utalipia vipimo vipya ili ufike palepale.

Mama mkwe anakupenda kwa namna anayoijua. Rozela na bitiruti vipokee, umuulize daktari kabla ya kunywa, ukimwomba Mungu ambariki. Lakini damu anayoifikiria yeye ni ile inayopimwa kwa kuchomwa kidole, na hiyo huenda iko sawa kabisa. Mishipa ya kizazi ni habari nyingine. Tumbo usiruhusu likandwe wakati wa matibabu, na kujifukiza kumeunguza wanawake sehemu ambazo hazistahili kuunguzwa. Mume wako ndiye aliyemwambia habari ya damu kidogo. Yeye ndiye anayefaa kumwambia kwamba daktari amekataza kukandwa, ili isionekane mkwe anamkataa mama.

Na mume wako. La boksi la dawa usiliache lilale tena usiku mwingine. Alipokuuliza "hii ya nani" alikuwa anauliza swali kubwa kuliko hilo, na jibu la kitabibu pekee halikumfikia. Mtu aliyeuza kiwanja na kukaa kiti cha pembeni kwa daktari naye anabeba hofu, na huenda hakuna aliyemuuliza kuhusu hofu hiyo tangu mwanzo. Panda naye treni safari ijayo, dawa amsikie daktari akiieleza kwa mdomo wake. Ukitaka kumwona daktari peke yako siku hiyohiyo, kipimo cha ndani kinakupa nafasi. Mwenzako huambiwa asubiri nje dakika chache.

La zamani ni lako, na sitakuamulia. Kulisema kuna hatari unayoijua wewe kuliko mimi: anaweza kuumia, si kwa sababu ulikuwa na mimba kabla yake, bali kwa sababu ya ile "hapana" aliyoisikia kwa masikio yake. Kutolisema nako kunakugharimu tayari, ndiyo maana hulali. Kuna njia ya katikati ambayo wengine wameipita: kumweleza daktari kwanza, kuangaliwa, kujua kama kweli kuna kovu au hakuna, ndipo uamue unasema nini nyumbani, ukiwa na ukweli mzima mkononi badala ya hofu. Dada yako analijua jambo hili na anamjua shemeji yake. Zungumza naye kabla hujazungumza na mwingine. Na jiulize, huyu mume ambaye miaka tisa hajakusimanga, unayemwogopa ni yeye, au ni watu wengine unaowasikia wakizungumza kwenye midomo yake?

Siku ukienda, mwombe daktari mambo mawili ya kipimo: Dopla irudiwe projesteroni ikishaanza, na akuandikie namba za mshipa wa kulia na wa kushoto kila moja peke yake, pamoja na siku ya mzunguko. Ukienda kwa daktari wa pili, karatasi hiyo itamfaa. Niandikie ukishapata majibu ya kamera, kama itafikia huko, tuyasome pamoja.